Muulize Anti: Bosi Kasema Ofisi Nzima Tunapanda Kilimanjaro

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu zimenizidi na cha ajabu karibu zote zinapanda mlima. Nadhani ni kwa sababu ukavu wa Juni mpaka Oktoba ndo huo unakuja na kila ofisi imekaa kikao ikaamua itembee kwa ajili ya jamii, fulana zishachapishwa, kilichobaki ni mchango na miguu. Nimechagua barua tano. Wanaonijua wanajua nimepanda mara mbili na timu za kazini, mara ya kwanza nikaishia njiani, kwahiyo msinichukulie kama mtaalamu wa milima, nichukulieni kama mtu aliyetapika karibu na pango la Hans Meyer, kule juu njiani kwenda kileleni, mbele ya mhasibu mkuu wake.

*Shikamoo Anti. Nafanya kazi kwenye kampuni moja hapa Dar, idarani tupo kumi na nne. Bosi karudi kutoka semina na wazo la kupanda Kilimanjaro ili tuchange hela za vifaa vya wodi ya watoto njiti kwenye hospitali ya wilaya. Wazo nalipenda. Shida ni kwamba kasema wote tunapanda, hamna kubaki, "timu ni timu". Na kawaambia wafadhili watoe hela endapo timu yote itafika kilele cha Uhuru. Mimi nina miaka 41, nina pumu kidogo, na ngazi za ghorofa ya tatu zinanitoa jasho. Nikikataa naonekana sina ushirikiano, nikienda nikashindwa naonekana nimewanyima watoto mashine. Nifanyeje? Mwoga wa Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hilo jina libadilishe, wewe siyo mwoga, inavyoonekana ndo mtu pekee humo idarani aliyefikiria mpaka mwisho.

Kosa la bosi wako siyo mlima, ni hiyo ahadi. Kawafunga watoto njiti kwenye kilele cha mita 5,895 na kamba aliyowafungia ni mapafu ya watu kumi na wanne ambao hajawahi kuwaona hata wanakimbilia daladala. Mlima ule hauangalii nani ana mazoezi. Kijana wa IT anayeshinda gym anaweza akalala chini hoi na mama wa stoo mwenye kilo tisini akapita taratibu anatafuna biskuti, nimeliona kwa macho yangu. Ugonjwa wa mwinuko unategemea mwili wako unavyozoea hewa nyepesi na kasi mnayopanda nayo, basi. Kule juu kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Kariakoo, na hakuna semina inayobadilisha hiyo.

Ngoja nikueleze usiku wenyewe maana naona watu wanapanda kwa kuangalia picha za Instagram tu. Mnafika kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, mchana. Mnapewa chai na bisi, mnaambiwa mlale, nani analala, kichwa kinagonga kama kuna fundi seremala ndani. Saa tano usiku mnaamshwa, mnapewa uji, saa sita mnatoka na tochi za vichwani. Njia ni changarawe laini ya volkano, unapanda hatua moja unateleza nusu yake, na mnakata kona kushoto kulia kushoto kulia masaa matano sita hivi. Baridi iko chini ya sifuri sana. Maji kwenye mpira wa kunyonyea yanaganda, ndo maana wenye uzoefu wanabeba chupa na wanaiweka kichwa chini miguu juu, barafu inaanzia juu kwahiyo mdomo wa chupa unabaki wazi. Unachokiona ni visigino vya mtu wa mbele tu. Mimi mara ya kwanza nilipofika juu kidogo ya mita 5,100 nilianza kumwambia kiongozi kwamba nimesahau kufunga ofisi, funguo ziko wapi, na nilikuwa namaanisha kabisa. Yule kaka hakubishana. Alinimulika machoni, akaniambia nitembee kwenye mstari kisigino kiguse kidole, nikayumba kama mlevi, akasema "dada tunashuka" na tukashuka sasa hivi hivi. Nilichukia. Nililia kabisa. Leo ningemkuta ningembusu mikono, kwa sababu kuyumba na kuongea pumba kule juu ni dalili kwamba ubongo unavimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, siyo kupumzika, siyo "jikaze", ni kushuka.

Sasa pata picha bosi wako kasimama pembeni anasema tukishuka wafadhili hawatoi. Umeona hatari ilipo?

Kwahiyo usiende kwake na "naogopa". Nenda na hesabu, mabosi wanapenda hesabu. Mwambie mbadilishe ahadi iwe kwa mita. Mfadhili anatoa shilingi 100 kwa kila mita mtu aliyofika, wa Uhuru anakuwa ameleta 589,500, wewe ukiishia kambi ya Horombo mita 3,720 umeleta 372,000, na hizo za mwanzo mnapewa bure kabisa maana geti la Marangu lenyewe liko chini kidogo tu ya mita 2,000. Wote kumi na nne wakifika ni milioni 8 na ushee, watano wakirudi bado ni hela nzuri, na hakuna mtoto anayekosa mashine kwa sababu ya kichwa cha mtu kuuma. Au rahisi zaidi, wakusanye yote kabla hamjapanda basi. Hela iwe imeshaingia ndo mfunge buti.

Na hili la wote kupanda mwambie kwa upole kuna watu wameshalifikiria. Ule mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukichangisha hela za mapambano ya UKIMWI kupitia Kilimanjaro tangu 2002, wakishirikiana na TACAIDS, ile tume ya kudhibiti UKIMWI, na kule wapo wanaopanda na wapo wanaozunguka mlima kwa baiskeli, wote timu moja. Kwahiyo kuna nafasi ya baiskeli, kuna nafasi ya kukaa Moshi kupokea simu za wafadhili, kuna nafasi ya kutembea siku moja mpaka kambi ya Mandara mita 2,720, unapita msituni unaona mbega, unarudi getini jioni. Hiyo nayo ni mlima.

Ukiamua kwenda, nenda kwa daktari kabla, siyo mfamasia wa mtaani. Pumu siyo lazima ikuzuie lakini hewa baridi na kavu inaweza kuichokoza, kwahiyo inhela yako, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, ikae mfuko wa ndani ya koti karibu na mwili isigande. Na jambo moja ambalo maofisini hatulisemi: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Na hata anayebeba tu vinasaba, ambaye hajawahi kuumwa siku moja, kule juu bandama inaweza kumletea matatizo makubwa. Huku kwetu wapo wengi na wengine hawajui. Kapimeni.

*Anti za kazi. Mimi ndo nimepewa kuratibu safari ya ofisi yetu, tuko Mwanza, watu tisa, tunachangia taulo za kike kwa shule tatu. Uongozi umetoa ruhusa ya siku tano tu kazini, wanasema njia ya Marangu inapandwa kwa siku tano na ndo bei nafuu. Wengine kwenye timu wanataka njia ya Machame. Nishike lipi? Na tarehe 9 Desemba ni wazo zuri? Mratibu asiye na posho*

Pole mratibu, kazi isiyo na posho ndo hiyo hiyo inayolaumiwa.

Siku tano Marangu inawezekana, ndiyo, na ndo inayorudisha watu wengi. Angalia namba mwenyewe. Siku ya kwanza unalala Mandara 2,720. Ya pili Horombo 3,720. Ya tatu Kibo 4,700 na kitu, na usiku huohuo unaenda kileleni. Madaktari wa milima wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, ninyi mnapandisha 1,000, kesho tena 1,000. Mwili haujamaliza kushangaa ya jana umepewa ya leo. Ongeza siku moja Horombo, asubuhi mnatembea mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi kama punda milia, mnafika kama mita 4,000, mnarudi kula na kulala palepale. Siku hiyo moja inaonekana ya uvivu, kufua soksi na kucheza karata, lakini ndo inayofanya kazi kuliko zote.

Machame mimi naipenda zaidi. Mandhari yake ni nzuri kuliko kawaida, na siku ya Lava Tower, ule mwamba mkubwa wa volkano, unapanda mpaka mita 4,600 hivi halafu unashuka kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000, mwili unaonja juu unapumzika chini. Ila siku saba, siyo sita. Na kule mnalala mahema, vibanda vyenye vitanda viko Marangu peke yake, kwahiyo kama timu yenu ina watu ambao hawajawahi kulala nje ya nyumba hata msibani, fikiria hilo. Mvua ikinyesha usiku Machame mtajuana tabia vizuri kuliko semina yoyote ya kujenga timu.

Kwa uongozi, usiombe siku saba za ruhusa, watakukatalia. Sema mnahitaji siku tano za kazi, jumamosi na jumapili mnajitolea wenyewe. Kutoka Mwanza mpaka Moshi nako ni safari, iwekeni kwenye hesabu, nimeona timu inashuka basi alfajiri haijalala na saa nne iko getini. Hapana jamani.

Tarehe 9 Desemba najua inavutia, ndo usiku ule wa 1961 Alexander Nyirenda alipowasha mwenge pale juu, na kila mwaka watu wanapanda kuikumbuka. Inapandika. Ila vuli inakuwa bado inachungulia na msituni mnaweza kutembea kwenye tope, kwahiyo buti ziwe zimeshavaliwa wiki kadhaa kabla na plastiki za kufunika mabegi zisikosekane. Masika ndo msijaribu, Machi katikati mpaka Mei waachieni wenye roho ngumu.

Bei sasa. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa ada za hifadhi kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, kwahiyo sehemu kubwa ya bili yenu ni watu, chakula na mahema. Mkikuta kampuni inawapa bei ya chini ambayo hamuielewi, ujue kuna mtu huko nyuma halipwi. Nitalirudia hili chini kwenye barua ya mwisho.

*Sasa Anti, mimi niko Nairobi. Kuna watu wa kazi wanaenda Mount Kenya mwezi ujao na kila asubuhi saa mbili wanatuma paybill kwa grupu ya WhatsApp, eti ni ya kusomesha watoto. Nilimuuliza mmoja pesa ya geti na hema inatoka wapi akanyamaza, halafu akaambia wengine mimi sina roho safi. Mimi sikatai harambee, lakini kwani nimlipie mtu holiday? Mkono Mzito, Umoja*

Mkono wako siyo mzito, ni mkono wenye macho.

Aliyeuliza swali hajakosa, aliyenyamaza ndo kakosa. Kupanda mlima ni raha yangu mimi, nikitaka kuifanya kwa ajili ya watoto basi raha yangu nailipia mwenyewe, au kampuni inanilipia, na kila shilingi unayonipa wewe inaenda kwa mtoto nzima nzima bila kumegwa. Wakiamua vingine, kwamba sehemu ya mchango ilipe safari, siyo dhambi, ila waseme tangu mwanzo kwa maandishi humohumo kwenye grupu: bajeti ya mlima ni hii, ya watoto ni hii. Mtu akishajua anachangia nini ataamua mwenyewe.

Wewe waulize tu hela inaingia kwa jina la nani, namba ya mtu binafsi au ya shule yenyewe. Kama ni ya shule, mwaga unachoweza na uwaombee kheri. Kama ni ya Meneja Masoko, subiri. Na kama bado hawaeleweki, hakuna aliyekuzuia kuipigia shule simu, uulize karani karo ya mtoto mmoja imebaki kiasi gani, umalizane naye moja kwa moja bila kupita Point Lenana, kile kilele cha Mount Kenya wanachopanda watu wa kawaida.

Halafu kwa vile najua utawaonyesha barua hii, nao niwaambie kitu: Lenana ni mita 4,985, wengi wanaidharau kwa sababu "siyo Kilimanjaro", na ndo hao wanaotoka Nairobi jumamosi asubuhi na gari mpaka geti la Sirimon, wanakimbiakimbia mpaka kambi ya Shipton's mita 4,200, jumapili wanarudishwa wamebebwa. Batian, kilele chenyewe kirefu kuliko vyote, mita 5,199, msiiguse, ile ni ya wenye kamba na mafunzo.

Ila hiyo ya paybill saa mbili kila asubuhi, kweli inaudhi. Mara moja kwa wiki inatosha jamani, sisi siyo kengele.

*Anti mambo, swali fupi. Rafiki kaniambia ninywe Diamox, mwingine kasema kitunguu saumu kibichi, mwingine Viagra!! Na mazoezi nayafanyia wapi wakati Dar hakuna mlima? Wa Mbezi*

Poa kichizi kama ndizi ndani ya friji, kama wanavyojibu vijana wa mlimani. Utaizoea hiyo.

Diamox ni dawa ya kweli, inasaidia mwili kuzoea haraka, na wengi wanaianza siku moja kabla ya kupanda. Ni ya kuandikiwa na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa mwambie mapema. Itakukojoza usiku kucha na vidole vitakuchomachoma kama umelalia mkono, usitishike. Ila haikupi ruhusa ya kupanda mbio, na ukishaanza kuumwa siyo ya kukuwezesha kuendelea juu. Ijaribu nyumbani kwanza siku mbili ujue inavyokufanya, siyo ukaifahamie Horombo kwenye foleni ya choo. Kitunguu saumu kinasaidia wenzako kujua ulipo gizani. Hiyo ya tatu waachie madaktari, wana matumizi yao ya mapafu huko na siyo ya kugawana kwenye basi.

Mazoezi: ngazi. Ghorofa kumi, begi lenye chupa sita za maji, panda shuka nusu saa, mara tatu kwa wiki, miezi mitatu. Watu wanasahau kushuka, na kushuka ndo kunakoua magoti na kung'oa kucha, kwahiyo kucha za miguu zikate fupi kabla hujaondoka, utanikumbuka. Jumamosi nendeni Pugu mkatembee masaa manne bila kukaa. Mkipata wikiendi ndefu pandeni Uluguru kutokea Morogoro mjini, ile miinuko inakwambia ukweli. Na mwenye muda na hela kidogo akapande Meru kwanza, mita 4,560 na ushee, siku tatu au nne, mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Ukimaliza Meru Kilimanjaro inakupokea vizuri zaidi.

*Shikamoo Anti. Mimi ni mgumu, napandisha mizigo Marangu na Machame mwaka wa sita sasa. Nasoma gazeti lenu kwenye simu. Nataka kuuliza kwa niaba ya wenzangu. Maofisi ya Dar yakija kupanda kwa hisani yanakuja na mabango, wanapiga picha na cheki kubwa ya karatasi, wanatoa mamilioni kwa watoto, Mungu awabariki. Halafu siku ya mwisho getini tip inakuwa maneno. "Mtatuelewa, hela yote imeenda kwenye mchango." Juzi begi moja lilikuwa na spika ya muziki na pasi ya nguo. Swali langu lingine, mimi nikiona mteja anaumwa na bosi wake anamlazimisha aendelee, mpagazi nina sauti gani? Wa Mamba, Marangu*

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu nilikuwa nimesimama.

Nianze na langu. Safari yangu ya kwanza nilifika Horombo siku ya pili jioni ndo nikajua jina la kijana aliyebeba begi langu, na nililijua kwa sababu alikuja kuniuliza kama nina dawa ya malengelenge, buti zake zilikuwa zimefunguka kisigino kimefungwa kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa na buti za laki kadhaa na fulana yenye maandishi ya kusaidia wasiojiweza. Sikuwa na la kusema.

Kwahiyo waratibu wote mlioniandikia humu, na wewe wa Mwanza ambaye hupewi posho, kaeni msikilize. Kwenye njia za mahema ni kawaida kabisa mteja mmoja kuhudumiwa na wagumu watatu au zaidi, ukiweka mpishi na viongozi, timu ya watu kumi inaweza kuwa na watu arobaini nyuma yake. Mzigo wa mgumu usizidi kilo 20 na unapimwa getini, msianze kuhamishiahamishia vitu kwenye mabegi ya mgongoni mkishapita mzani halafu mkampa akubebee njiani, tunawaona. Begi lako lisizidi kilo 15. Pasi ya nguo, sijui kule Kibo ulitaka kumnyooshea nani.

Kabla ya kulipa kampuni ulizeni mambo haya bila aibu: wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku na lini, wanakula mara ngapi, wanalala wapi, nani kakagua buti na makoti yao kabla ya kupita geti. Pale Moshi kuna mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, unaitwa KPAP kwa kifupi, unafuatilia kampuni zinazowalipa na kuwatendea vizuri, anzeni huko kutafuta. Na tip iwekwe kwenye bajeti siku ileile mnayoandika bajeti ya hema, isiwe makombo ya mwisho. Hela ya wagumu haiwezi kuwa imeenda kwenye mchango kwa sababu haikuwa ya mchango. Ukichukua ya huyu ukampa yule kisha ukapiga picha, hapo aliyechanga ni mgumu, wewe umebeba cheki tu.

Siku ya mwisho kabla hamjaanza kucheza Jambo Bwana, msome kwa sauti mbele ya wote kila mmoja anapata kiasi gani, mgumu, mpishi, msaidizi, kiongozi mkuu, na kila mtu akabidhiwe mkononi mwake. Bahasha moja kubwa kwa mtu mmoja ina tabia ya kupungua njiani. Mara yangu ya pili tulikaa Horombo jioni ya kushuka tukaandika majina kwenye bahasha moja moja, ilituchukua saa nzima kwa tochi, na ndo tukajua kwamba tulikuwa na akina Emanueli watatu.

Sasa lile swali lako la sauti. Mwenye neno la mwisho juu ya nani anashuka ni kiongozi mkuu mwenye leseni, siyo bosi wa kampuni hata awe kalipia mlima mzima, na bila kiongozi hakuna anayeruhusiwa kupanda. Lakini kiongozi anamuona mteja akiwa amejikaza mezani, wewe ndo unayempelekea maji ya kunawa asubuhi, wewe ndo unamkuta hajagusa chakula, kajifunika, anajibu vitu havieleweki, anakohoa kifua kinachuruzika kama mtu ana maji ndani. Hayo usikae nayo. Nenda jikoni mwambie kiongozi palepale kabla ya ile saa sita ya usiku, na kama bosi kasimama karibu hutaki asikie, mwambie kwa Kichaga.